Starlet au Corolla 100 imewasha taa ya cheki injini? Soma kodi (namba za hitilafu) kwa kipande cha waya kabla hujanunua spea

Wakuu wenye Starlet EP82 na Corolla AE100, msikubali kubadilishiwa kontrol boksi (kompyuta ya injini) kabla kodi hazijasomwa. Yangu asubuhi ilikuwa haiwaki mpaka upige stata mara tano, ikishawaka moshi mweusi, ikishuka sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta) inazima, nikipanda mlima wa Bugando hapa Mwanza inakohoa kama mgonjwa, na fundi akaniambia kontrol boksi imekufa nitafute hela. Nikasoma kodi mwenyewe ikatoa 22. Sensa ya joto la maji. Na sensa yenyewe ilikuwa nzima, ni soketi yake tu imeota kutu ya kijani, nikasugua basi.

Kusoma iko hivi. Fungua boneti utafute kijiboksi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS, ndani ya mfuniko majina ya matundu yameandikwa. Unganisha TE1 na E1 kwa kawaya kafupi, angalia vizuri usije ukaingiza B+ (umeme wa betri) kwenye E1 (ethi) maana hapo unaunguza fyuzi au waya. AC zima, gia ya manual iwe free na ya auto iwe N, mguu usiguse mafuta, halafu swichi ON bila kuwasha injini. Taa itaanza kupepesa: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena, hiyo ni 22. Mara tatu, inapumzika, mara moja, 31. Zikiwa nyingi inaanza na namba ndogo. Ikipepesa tu haraka haraka bila kupumzika, hakuna kodi.

Sasa 22 nataka muielewe. Kontrol boksi ikikosa habari ya joto la maji haijui tena injini inahitaji mafuta kiasi gani, ndo maana inawaka kwa shida na moshi mweusi. Ukiwa na mita ya umeme pima sensa, injini ikiwa imelala (nyuzi kama 20) inatakiwa kilo-om 2 mpaka 3, ikipata moto nyuzi 80 inashuka mpaka kama 0.3. Na kuna dhambi nyingine hapa mjini, gari ikichemsha mara moja tu thamostati (kile kizibo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto) inang'olewa inatupwa, injini inachelewa kupata moto, inaendelea kumwagiwa mafuta na kodi haitoki yoyote kwa sababu sensa inasema kweli. Jamani rudishieni thamostati, kama inachemsha kagueni rejeta na feni.

31 ni sensa ya MAP, ile inayopima presha ya hewa ndani ya manifoldi, lakini kabla ya kununua fuata kile kipaipu cha mpira kinachotoka kwenye manifoldi, kikipasuka au kikichomoka gari inakula mafuta vibaya na inakosa nguvu na sensa ni nzima kabisa. Kipaipu ni bei ya dagaa wa Mwaloni.

41 ni sensa ya throto (inayosoma umekanyaga mafuta kiasi gani), gari inashtuka ukikanyaga. 42 ni sensa ya spidi, mara nyingi mshale wa spidi nao umelala. 21 oksijeni, angalia kwanza kama ekzosi haivuji. 12, 13 na 14 ni mambo ya distribyuta na igniti, yaani moto wa plagi, hizo ndo zinazokulaza njiani kwa hiyo usizichezee, anza na waya na soketi. 51 usiogope, inatoka ukiacha AC inawaka au umekanyaga mafuta wakati unasoma.

Ukishatengeneza chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 dakika moja hivi ili ifute, rudisha, tembeza mpaka Kisesa na kurudi, halafu soma tena. Kodi ileile ikirudi na soketi umesafisha na waya haujakatika, hapo sasa nenda kanunue sensa, na ukipewa ya mtumba ipime na mita palepale dukani kabla hujatoa hela.