Kupitisha mchango wa madarasa kwenye mkutano mkuu wa kijiji: mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Boma la darasa, yaani jengo ambalo bado halijaezekwa, likisimama usawa wa madirisha na magugu yakaota ndani, lawama humwendea fundi au wananchi "wagumu kuchangia". Mara nyingi chanzo ni kura yenyewe. Mchango ulipitishwa kwa kuitikia "ndiyo" kwa pamoja, bila makisio na bila muhtasari unaosomeka, na baada ya miezi mitatu kila mtu ana kumbukumbu yake. Haya ni maelekezo kwa wenyeviti, watendaji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na kamati za shule, kuanzia Kilolo hadi Kyela.

Kijiji kina mamlaka gani

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Kwa hiyo kijiji hakiamki asubuhi na kuanzisha kodi. Kinachoweza kufanya kiko kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287: kupanga maendeleo yake kupitia mkutano mkuu, na kutunga sheria ndogo.

Hapo zipo njia mbili, na ni lazima mchague moja kabla ya kuitisha watu. Ya kwanza ni azimio la hiari: mkutano unakubaliana kiwango, anayetoa anatoa, asiyetoa hashtakiwi. Ya pili ni sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili na kutoa maoni, kisha rasimu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini hiyo, rasimu ni karatasi tu. Vijiji vingi huchanganya njia hizi: vinapitisha azimio la hiari, halafu vinatuma mgambo kubeba kuku na mbuzi wa wasiolipa. Hilo ni kosa hata kama mkutano mzima ulinyoosha mikono. Hata penye sheria ndogo iliyoidhinishwa, anayekaidi anapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mali yake haichukuliwi mlangoni.

Wakazi wa mitaa ya Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa wazingatie kwamba mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama kijiji. Huko njia yenu ni hiari, au sheria ndogo ya halmashauri ya jiji au manispaa yenyewe.

Jambo moja halina mjadala. Elimumsingi ni bila malipo tangu Januari 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli aliwakataza walimu kupokea mchango wowote. Mtoto asirudishwe nyumbani, asinyimwe chakula wala matokeo kwa sababu mzazi hajachangia boma. Mchango ni suala la kaya na kijiji, mtoto hahusiki. Liandikeni ndani ya azimio lenyewe, maana likiachwa kwa mdomo kuna mtu atalisahau.

Makisio kwanza, mkutano baadaye

Mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kupitia mtendaji wa kata, mkiomba ramani ya darasa na mhandisi wa kuja kuona eneo. Msijenge kwa ramani ya fundi wa kijijini hata kama mkono wake ni mzuri. Serikali inapotoa fedha za kukamilisha maboma, darasa lenye vipimo vyake lenyewe huwa la kwanza kuachwa. Hakikisheni pia boma lenu limo kwenye mpango wa kijiji unaopelekwa kata na wilaya, mapema kabla ya bajeti ya halmashauri kupitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na ombi linalofika Mei limechelewa.

Kwa kiwango cha kujipima, chukueni mfano huu. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mzunguko wa mita 32. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 96. Toeni milango na madirisha, tuseme 15, zinabaki 81. Tofali la saruji la milimita 450 kwa 225 huingia takriban 10 kwa mita ya mraba, yaani 810. Ongezeni yatakayovunjika, mfike kama 870, bila msingi wala pembetatu za chini ya paa. Mkiwa mnatumia matofali ya kuchoma, pimeni tofali lenu wenyewe, kwa sababu kila kalibu ina kipimo chake. Mfyatuaji wa matofali ya saruji akiwaahidi zaidi ya 40 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, kataeni. Tofali hilo litapukutika likinyeshewa.

Ulizeni bei za vifaa hadi eneo la ujenzi. Mfuko wa saruji unaotoka kiwandani Songwe una bei moja ukishuka Mbalizi na bei nyingine kabisa ukipanda milima ya Makete, na hapo ndipo makisio mengi hupasuka.

Sasa kiwango kwa kaya. Kosa la kawaida ni kugawanya gharama kwa kaya zote. Tuseme kufikisha boma kwenye renta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kunahitaji shilingi 8,400,000 taslimu, na kijiji kina kaya 480. Ukigawa moja kwa moja unapata 17,500, nambari inayopendeza masikioni. Lakini toeni wazee wasiojiweza, wagonjwa wa muda mrefu na kaya zinazoongozwa na watoto: tuseme 60. Zinabaki 420. Kati ya hizo, kuweni waangalifu mkadirie asilimia 80 ndizo zitakazolipa kwa wakati, yaani 336. Kwa 17,500 mtakusanya 5,880,000 na boma litasimama njiani. Kiwango cha kweli ni 25,000. Ni afadhali kutetea 25,000 siku moja ya mkutano kuliko kurudi kwa watu mara ya pili kuomba nyongeza, kwa sababu mara ya pili hata waliolipa hugoma.

Nguvu kazi ipewe thamani ya shilingi palepale: tripu ya mawe, tripu ya mchanga, siku ya kuchimba msingi, ndoo za maji. Asiye na fedha alipe kwa kazi, na iandikwe kwenye daftari lilelile. Kaya ya mjane isichukuliwe kama haina mchango eti kwa sababu hakuna mwanamume wa kubeba mawe. Kupika kwa ajili ya wachimbaji na kuchota maji ni kazi, ipangiwe bei.

Lini

Hapa kalenda ya shamba ndiyo bosi. Mvua za Iringa, Njombe na sehemu kubwa ya Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo kufyatua, kuchoma na kujenga ni kati ya Juni na Oktoba. Tanuru la matofali mabichi likikutwa na mvua ya Novemba, ni hasara tupu. Mahindi huvunwa Juni na Julai. Pigeni kura Machi au Aprili, awamu ya kwanza ya malipo iwe Julai, ya pili Agosti. Mpunga wa Mbarali na Kyela hutangulia kidogo. Rungwe ni habari nyingine: mvua haziishi kirahisi na fedha ya chai na ndizi huingia kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo awamu za kila mwezi zinalipika vizuri kuliko mkupuo mmoja.

Siku ya kura

Tangazeni angalau siku saba kabla, kwa maandishi, kwenye mbao za vitongoji vyote, makanisani, misikitini na siku ya gulio. Tangazo litaje ajenda na kiwango kinachopendekezwa. Mkificha kiwango hadi siku yenyewe, mtazua shaka isiyo ya lazima.

Wanaopiga kura ni wakazi wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wazaliwa wanaoishi Dar es Salaam wanakaribishwa kuchangia, ila kura hawana. Wekeni daftari la mahudhurio kwa kila kitongoji, kila mtu asaini au aweke dole gumba. Mtendaji aikague akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa, kabla ya ajenda kufunguliwa, isipotimia, ahirisheni. Uamuzi uliopitishwa bila akidi utabomolewa na mtu mmoja tu mwenye barua kwa mkuu wa wilaya.

Mikono ihesabiwe kitongoji kwa kitongoji: wanaokubali, wanaokataa, wasioegemea. Zote tatu ziandikwe. Waliokataa waulizwe sababu na sababu iingie kwenye muhtasari, maana mara nyingi ndiyo inayofichua tatizo la kweli, mfano hesabu za mchango wa zahanati ambazo hazijawahi kusomwa. Zikiwepo hesabu za namna hiyo, someni kwanza hizo kabla ya kuomba fedha mpya.

Azimio liwe fupi lakini kamili. Linaweza kuandikwa hivi: "Mkutano mkuu umeazimia kila kaya ichangie shilingi 25,000 au kazi yenye thamani hiyo, kwa awamu mbili zinazoishia Julai 31 na Agosti 31, kwa ujenzi wa darasa moja hadi usawa wa renta. Kaya zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho zimesamehewa. Hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa mchango huu. Mapato na matumizi yatabandikwa kila mwezi." Kisha saini ya mwenyekiti na ya mtendaji, muhuri, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa Mkurugenzi. Orodha ya waliosamehewa isomwe na kupitishwa siku hiyohiyo. Ikitengenezwa baadaye ofisini itajaa ndugu wa wajumbe.

Kukusanya na kutumia

Kila senti ikatiwe stakabadhi rasmi na iende benki kwenye akaunti ya kijiji. Balozi wa nyumba kumi akiombwa kukusanya, apewe kitabu chenye nambari mfululizo na akirudishe na vishina vyote. Fedha isikae nyumbani kwa mtu zaidi ya siku chache, hata kwa mtu mnayemwamini, kwa sababu shida ya ghafla haimchagui mwaminifu.

Gawanyeni kazi: wanaonunua wasiwe ndio wanaopokea. Kamati ya mapokezi ihesabu mifuko ya saruji na kupima nondo kwa futi ya chuma pale gari linaposhuka, na kusaini kabla dereva hajaondoka. Nondo ya milimita 10 iliyolipiwa bei ya 12 haionekani kwa macho ikishafunikwa na zege. Fundi alipwe kwa hatua: msingi, kuta, renta. Msimpe malipo ya awali yanayozidi kazi ya hatua anayoanza.

Mkifika kwenye renta na fedha za kumalizia hazijaja, funikeni vichwa vya kuta kwa nailoni nzito au bati chakavu kabla ya Novemba, chimbeni mfereji wa kuelekeza maji mbali na msingi, kisha mpelekee Mkurugenzi barua yenye picha za boma, nakala ya muhtasari na jedwali la mapato na matumizi. Nakala nyingine apewe diwani aipeleke kwenye kamati inayosimamia Mfuko wa Jimbo.