Kununua na kutunza Golf TSI Mwanza: anza na namba ya injini

Golf za Volkswagen (VW) zenye injini ya TSI, yaani ya petroli yenye tabo, za 1.2 na 1.4 zinazoingia Mwanza kutoka Japani zinafanana machoni, lakini ndani zina injini za aina mbili, na uimara unatofautiana hapo. Golf 7, iliyotoka 2012, ina injini ya EA211 yenye belti ya taimingi. Golf 6 nyingi zina EA111 yenye cheni, na cheni hiyo ndiyo iliyoipa TSI jina baya kwa mafundi.

Kwa hiyo usianze na rangi wala kilomita. Fungua buti, inua zulia, tafuta stika karibu na tairi la spea, usome herufi za injini. CJZ (1.2) na CHP (1.4) ni za belti. CBZ (1.2) na CAX (1.4) ni za cheni: nunua tu kama cheni na tensheni (kikaza cheni) vimeshabadilishwa na risiti ipo. CAV ina tabo na supachaja kwa pamoja, na pistoni zake hupasuka kwenye kingo za ringi. Hiyo iache hata kama ni ya bei ya kutupa.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari tangu jana yake. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, panga siku nyingine. Cheni iliyolegea hupiga kelele sekunde chache za mwanzo tu, kabla presha ya oili haijapanda na kuikaza tensheni. Ikiruka meno, valvu zinagonga pistoni, na hapo utakuwa unatafuta injini nyingine.

Kisha piga diagnosisi. Kile kimashine cha bei nafuu cha kuunganisha na simu hakitoshi, maana kwa kawaida kinasoma injini peke yake. Tafuta fundi mwenye VCDS (programu ya kupima magari ya VW) au mashine nyingine inayoingia kwenye kompyuta zote: injini, giaboksi, ABS, airbag. Mambo mawili msiyaruke. Kwanza, angalieni kama gari limeshamaliza vipimo vyake vya kujikagua. Kama vingi havijakamilika, huenda kuna mtu amefuta makosa karibuni, au betri ilichomolewa. Pili, makosa mengi huhifadhiwa pamoja na kilomita zilizosomeka yalipotokea. Kosa lililotokea kwenye kilomita 140,000 ilhali dashibodi inaonyesha 80,000, basi kilomita zimerudishwa nyuma. Kosa namba P0016 kwenye injini ya cheni ni dalili kubwa ya cheni kuvutika. P17BF au P189C ni tatizo la presha ya oili ndani ya mekatroniki (kompyuta na valvu zinazoendesha giaboksi), na tengenezo lake ni ghali.

Giaboksi ndiyo ya kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote. Golf hizi za 1.2 na 1.4 zina DSG, giaboksi ya otomatiki ya gia 7 iitwayo DQ200, yenye klachi mbili kavu. Klachi kavu haina oili ya kuipoza, kwa hiyo mwendo wa kusogeasogea unaichosha. Liendeshe mjini kwa nusu saa mpaka lipate moto, kisha lipandishe taratibu kilima cha Bugando, simama katikati, uondoke kwa gesi ndogo. Likitetemeka kati ya gia ya 1 na ya 2, klachi zimekwisha au zinaelekea huko. Jaribu na rivasi mlimani.

Ukishalinunua, usilishikilie mlimani kwa gesi. Kwenye foleni ya Mabatini au Buzuruga kanyaga breki mpaka gari litulie kabisa: mguu ukigusa breki kidogo tu, klachi zinaendelea kusuguana, ukikanyaga vizuri zinaachia. Acha nafasi mbele ifunguke, ndipo usogee mara moja.

Upande wa joto, Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia kuchemka ni presha inayoshikiliwa na kofia ya tanki la kulanti (maji maalumu ya kupoza injini). Kofia iliyochoka ni kitu kidogo kinachoua injini, basi ibadilishe mapema. Weka kulanti ya G12++ au G13, nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Usichanganye na ile ya kijani ya dukani, na usijaze maji ya bomba wala ya ziwani, kwa sababu chumvi zake huganda ndani ya rejeta. Wota pampu ya EA211 imeungana na nyumba ya plastiki ya thermostati upande wa giaboksi. Ukiona utando mkavu wa waridi au zambarau hapo, inavuja. Wale vidudu vya ziwani wanaotanda kama moshi hujaa kwenye matundu ya rejeta, basi pulizia maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje.

Oili badilisha kila kilomita 7,500, usisubiri tangazo la dashibodi. Tumia 5W-40 yenye maandishi VW 502 00 kwenye galoni, 1.4 ya EA211 inachukua kama lita 4. Belti ya taimingi ni mpira, inazeeka kwa miaka hata gari likikaa, kwa hiyo kwa gari la miaka kumi ibadilishe bila kubishana.

Spea nyingi zitatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, zikija kwa basi. Mtumie muuzaji namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, pamoja na picha ya namba iliyo kwenye spea ya zamani. Ikianza na 04E ni ya EA211, 03C ni ya EA111 1.4. Ukiagiza wota pampu, agiza na kile kibelti chake kidogo, maana fundi anakifungua hata hivyo.