Jinsi ya kuandaa tuzo ya usharika kwa wanaohudumia mtaa: tulivyojifunza Moshi

Mwaka wa kwanza tuzo yetu ilikwenda kwa muumini aliyetoa mabati ya darasa la Shule ya Jumapili. Makofi yakapigwa, kwaya ikaimba, picha zikapigwa. Baadaye kwenye mnada wa sadaka za mazao, mikungu ya ndizi ikiendelea kupandishwa bei, bibi mmoja akaniambia bila kushusha sauti: "Kumbe ni tuzo ya mabati."

Hakukosea. Tulitangaza tuzo ya huduma kwa jamii, tukampa mfadhili wetu wenyewe. Mimi ni katibu wa kamati ya tuzo katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa mjini, na haya ndiyo tunayofanya tangu siku ile. Kama nyie ni Wakatoliki, mtatumia jumuiya pale sisi tunapotumia nyumba kwa nyumba, yaani vikundi vya sala vya majirani; mengine hayatofautiani sana.

Hatua ya 1: Andikeni kwanza nani hapewi

Msianze na jina la tuzo wala kadi za mwaliko. Baraza la wazee lipitishe ukurasa mmoja na uingie kwenye muhtasari wa kikao. Wetu unasema: hapewi mtumishi anayelipwa na usharika, mzee wa kanisa aliye madarakani, wala mjumbe wa kamati. Hapewi mtu kwa mchango wa ujenzi wa kanisa. Huyo ana siku yake ya kushukuriwa. Na hapewi anayegombea cheo mwaka huo, hata kama ni uenyekiti wa mtaa tu. Kipengele hicho cha mwisho kilileta kelele kikaoni, lakini mgombea akishashika maikrofoni ya kanisa hamtamnyang'anya.

Amueni pia kama tuzo ni ya waumini tu. Sisi tulikataa. Majengo na Pasua, Mkristo na Mwislamu wanapanga nyumba moja na wanazikana, na anayemwosha mgonjwa haulizi kwanza dhehebu.

Kuna mzee atasimama na Mathayo sura ya 6, kuhusu mkono wa kushoto kutojua linalofanywa na wa kuume. Msimpuuze, hoja yake ni nzito. Jibu letu lilikuwa kwamba aliyetenda ndiye aliyeambiwa anyamaze; aliyetendewa ana haki ya kusema asante. Ndiyo maana kwetu hakuna mtu anayejipendekeza mwenyewe, wala kupendekezwa na mwenzi wake au mtoto wake.

Hatua ya 2: Ulizeni swali linalojibika

Ukiuliza "Nani anastahili tuzo?" utaletewa wenye magari. Sisi tunauliza hivi:

- Mtoto akizidiwa saa nane usiku, unamgongea nani mlango?
- Maji ya mto Rau yakiingia mitaani, nani anafika na chepe kabla hajaitwa?
- Nani anampelekea uji mgonjwa asiye na ndugu hapa mjini?

Swali la tatu ni la Moshi hasa. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971. Watu wanaletwa kutoka Tanga na Manyara, na aliyemleta mgonjwa pengine hana hata pa kulala. Majina mengi mazuri tuliyowahi kupata yalitoka kwenye swali hilo, na karibu yote tulikuwa hatuyajui.

Fomu iwe na mistari mitatu: jina na mtaa, alifanya nini na lini, nani mwingine aliona. Wekeni sanduku mlangoni pa kanisa, lakini pelekeni fomu pia kijiwe cha bodaboda na kwa mama lishe wa Mbuyuni. Asiyeandika aandikiwe na kijana wa usharika, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa Kiswahili cha hotuba. Toeni wiki nne.

Hatua ya 3: Nendeni kwa miguu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi huchoka.

Nendeni wawili wawili, na wote wawili wasiwe wakazi wa mtaa huo. Msianzie kwa aliyependekezwa. Anzieni dukani kwa Mangi wa kona, maana daftari lake la madeni linajua nani analipia unga wa nyumba isiyo yake. Nunueni soda, kaeni. Kisha mtafuteni mtu aliyesaidiwa, halafu mwenyekiti wa mtaa, halafu jirani mmoja ambaye hampendi sana mtu huyo. Wa mwisho huyu ni wa lazima. Akianza na "ana mdomo, lakini..." sikilizeni kwa makini kinachofuata baada ya lakini.

Kuna baba aliletewa fomu kumi na moja kwa kulea yatima. Kwanza, zote zilikuwa na mwandiko mmoja. Pili, wajumbe walipofika mtaani saa nne asubuhi, siku ya shule, waliwakuta watoto wale wanatoka kumkatia ng'ombe wake majani. Hatukumtangaza popote. Tulimpelekea habari ofisa ustawi wa jamii, na jina lake tukaliondoa kwenye orodha. Tungekaa ofisini tukahesabu fomu, angeshinda.

Kuhusu kuchagua kati ya watatu wa mwisho: tulijaribu kutoa alama kwa kumi, tukagundua kila mmoja anaanza na mtu wake kisha anatafuta alama za kumfikisha. Siku hizi tunaulizana tu, huyu akihama leo, nani atahangaika kesho? Kisha tunapiga kura ya siri.

Hatua ya 4: Muombeni ruhusa

Msimshtukize mtu madhabahuni. Tulipokwenda kwa mama mmoja anayehudumia wagonjwa, tuliamkia, tukaeleza. Akacheka. "Wanangu, mkinisimamisha pale mbele na bahasha, kesho nyumba yangu itajaa wa kukopa." Tukakubaliana: hakuna bahasha, na hakuna kutaja thamani ya chochote.

Msomeeni pia maneno yatakayosomwa siku ile. Sisi tuliwahi kuwataja wagonjwa aliowahudumia mtu, tukidhani tunampamba, kumbe tumetangaza maradhi ya watu. Siku hizi wasaidiwa hawatajwi. Kwa picha za mtandaoni ombeni ridhaa yake; mbali na adabu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Desemba inavutia, kwa sababu Wachaga wote wamerudi nyumbani na mnada unapanda. Ndiyo hasa sababu ya kuikwepa, tuzo itamezwa na harambee. Masika nayo ni tope. Sisi tunachukua Jumapili moja ya Septemba, nje ya kanisa baada ya baraka, ili mgeni asiye Mkristo asilazimike kukaa ibadani. Dakika kumi zinatosha. Kama kuna chakula, nyama ichinjwe na Mwislamu, na mwenye hamu ya kitimoto aifuate mahali pengine siku hiyo.

Vikombe vya rangi ya dhahabu acheni, vinamenyeka kabla ya Krismasi. Toeni cheti chenye fremu na kifaa cha kazi anayoifanya: sufuria kubwa, mabuti, toroli. Muulizeni anachokosa.

Baada ya miezi mitatu mmoja wenu apite. Toroli tulilotoa mara ya mwisho hatukulikuta, lilikuwa limeazimwa mtaa wa pili kwenye msiba, kubebea kuni. Kwenye daftari nikaandika "linafanya kazi".