Jinsi ya kuomba lokesheni kwenye saiti bila kumkimbiza mtu

Wadau mnaotengeneza saiti za boda, delivari na za kutafuta famasi hapa Kampala, naomba tuache hii tabia ya saiti kufunguka tu na papo hapo inataka kujua mtu yuko wapi. Hajasoma hata neno moja, ataruhusu vipi? Anagonga kukataa, na brauza nyingi zikishakataliwa hazimuulizi tena, hata baadaye akitaka mwenyewe inabidi aingie kwenye setingi na wengi hawajui ziko wapi.

Kwanza saiti iwe https (muunganisho uliofichwa, http ni ule wa wazi), Chrome ilishakataa kutoa lokesheni kwa http tangu 2016. Halafu getCurrentPosition, ile amri ya JavaScript inayoiuliza brauza mtu yuko wapi, iite mtu akibonyeza kitufe, sio ukurasa ukifunguka, na kitufe kiseme kazi yake kabisa. "Nionyeshe famasi za karibu" kinaeleweka, "Washa lokesheni" hakimwambii mtu kitu. Ule ujumbe wa brauza wa kuomba ruhusa huwezi kuubadilisha maneno kwa hiyo maelezo yako yote yakae kwenye ukurasa kabla haujatokea, mstari mmoja unatosha: "Tunapima umbali tu, hatuhifadhi." Kama unahifadhi usiandike hivyo jamani, Uganda tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na mtu ana haki ya kujua unachukua nini na cha nini.

Pembeni ya kitufe weka kisanduku cha kuandika sehemu, na kiwepo tangu mwanzo, usisubiri mtu akatae. Watu wetu wamezoea kuelekezana kwa majina, Wandegeya, Ntinda, karibu na steji fulani. Tena fikiria mtu yuko kazini Nakawa anamtafutia mamake dawa kule Kireka, lokesheni ya simu yake inamsaidia nini hapo?

enableHighAccuracy, yaani chaguo la kutaka lokesheni sahihi zaidi, iwashe kama boda inakuja kumchukua mtu mlangoni, kwa famasi inamaliza chaji bure. Timeout, yaani muda wa mwisho wa kusubiri jibu, pia weka, sekunde 10 hivi, maana usipoweka haina mwisho na mtu atabaki anaangalia kiduara kinazunguka.

Ikifeli angalia namba ya eror: 1 amekataa, 2 simu imeshindwa kupata, 3 muda umeisha. Kwa 2 na 3 mwambie ajaribu tena. Kwa 1 usimsumbue, mpeleke moja kwa moja kwenye kisanduku aandike.