Hesabu watu, si magari tu

Mwanafunzi wa mipangomiji anayeanza somo la usafiri hutumwa barabarani mapema, na wengi hurudi na idadi ya magari tu. Sera huhitaji idadi ya watu. Chukua mfano wa saa moja: magari madogo 900 yenye wastani wa watu 1.4 yamebeba watu 1,260, ilhali daladala 60 zenye watu 28 kila moja zimebeba 1,680. Mjadala wa nani atengewe njia huanzia hapo.

Tuseme mnahesabu Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, kati ya Mwenge na Ubungo. Kwanza pelekeni barua ya utambulisho ya chuo kwa mtendaji wa mtaa. Simameni mbele kidogo ya kituo, gari likiwa limeshapakia ila halijashika kasi. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa wazi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Kila upande wa barabara uwe na watu wawili: mmoja aandike aina za vyombo, bodaboda na bajaji zikiwa na safu zao, mwingine akadirie abiria. Anzeni ukurasa mpya kila dakika 15.

Hakuna anayewahi kuhesabu vichwa ndani ya Coaster inayopita. Tumieni madaraja matano: tupu, nusu ya viti, viti vimejaa, wamesimama wachache, wamebanana. Kisha pandeni magari machache mhesabu kweli, mpate wastani wa kila daraja.

Jihadharini na abiria wanaogeuza na gari. Asubuhi abiria hupanda gari linaloelekea mwisho wa ruti ili wapate kiti, kisha hurudi nalo mjini. Kwenye karatasi wataonekana wanasafiri pande zote mbili, kumbe safari ni moja. Kwenye kituo cha mwisho, ulizeni ni wangapi hawakushuka.

Mkipata vyombo 410, 460, 520 na 450 kwa robo saa nne, jumla ni 1,840. Chukueni robo saa yenye vyombo vingi zaidi, 520, mzidishe kwa nne, kisha gawanyeni jumla kwa jibu hilo, 2,080: 0.88. Uwiano huu huonyesha vyombo vilivyogawanyika sawasawa kiasi gani ndani ya saa. Uwiano ukikaribia 1, msishangilie. Huenda ni foleni. Yanayopita ni yale tu barabara inayoweza kuyapitisha, na mahitaji halisi yamekwama nyuma. Ndiyo maana mtu mmoja zaidi apime urefu wa foleni kila robo saa, kwa kuhesabu nguzo za taa.