Kuchora mfumo wa pampu ya hoteli kwa visanduku na mishale

Tuchukue hoteli ya ghorofa tano kule Nyali, Mombasa. Tangi liko chini ya ardhi, pampu inapandisha maji, na presha inatakiwa ibaki bar 3 hata wageni wakirudi kutoka ufukweni na kufungua mabafu kwa pamoja. Shika penseli.

Hatua ya 1: mishale kwanza. Mshale ni ishara, yaani kitu kinachobadilika na kupimika: bar, hezi, miliampea. Si bomba wala waya. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wanachora njia ya maji, kisha wanashangaa mshale wa senso (kifaa kinachopima presha) unarudisha maji gani kwenye kontrola (kifaa kinachoamua pampu ikimbie kiasi gani). Mshale usioweza kuuandikia kipimo, ufute.

Hatua ya 2: visanduku. Kila kimoja kinapokea ishara na kutoa nyingine: kontrola, invata (inayobadilisha kasi ya mota), pampu na mota yake, mabomba, senso. Mota na pampu mimi huziweka pamoja, maana katikati yao hakuna ninachopima.

Hatua ya 3: upande wa kushoto chora duara. Presha unayoitaka inaingia kwa alama ya kujumlisha, iliyopimwa na senso kwa alama ya kutoa; kinachotoka ni tofauti, nayo inaenda kwenye kontrola. Ukikosea alama hii, presha ikipanda pampu nayo itazidi kukimbia.

Hatua ya 4: mabafu. Yachoree mshale kutoka juu, uingie baada ya pampu. Wengi huusahau, ilhali bila huo kontrola haina kazi.

Hatua ya 5: hesabu. Kila kisanduku kina namba yake: ishara inayotoka kugawa kwa inayoingia. Namba za visanduku vinavyofuatana huzidishwa. Njia ya mbele iite G, ya kurudi H. Mfumo mzima, yaani presha inayopatikana kugawa kwa unayoitaka, ni G/(1+GH). G ikiwa 9 na H 1, unapata 0.9: umeomba bar 3, inakuja 2.7. Hakuna kilichoharibika. Kontrola inayofuata ukubwa wa tofauti peke yake huacha pengo. Iongezee sehemu inayokusanya tofauti kadiri muda unavyokwenda.

Sasa nenda na mchoro wako saiti. Senso ya bar 0 hadi 10 yenye 4–20 mA (miliampea 4 kwa bar 0, 20 kwa bar 10) ikiwa kwenye bar 3 hutoa 8.8 mA. Geji ikionyesha bar 5, pampu inakimbia hezi 50, na mita yako inasoma 4 mA, pampu usiiguse: senso haioni presha, angalia valvu yake ndogo kama imefungwa. Ukisoma 0 mA, huenda waya umekatika au senso haipati umeme, na huku kwetu pwani kagua kwanza viungio vilivyoliwa na chumvi.