Jinsi ya kumjua tapeli wa nyumba za kupanga kabla hujatoa hela

Kazi yangu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga na kuwakagulia makaratasi kabla hawajalipa, na matapeli wa pango nikiwaangalia wote naona mchezo ni uleule, wanataka hela itangulie nyumba ifuate. Ndo maana mwongozo huu wote unalenga kuugeuza huo mpangilio. Fuata hatua kama zilivyo, usiruke, sababu zile za mwanzo ni za bure kabisa na zinachuja wengi.

Hatua ya 1: Lichunguze tangazo kabla hujapiga simu

Tafuta matangazo mengine ya eneo lilelile, vyumba idadi ileile, halafu linganisha bei. Ikiwa hii yako iko chini mno kuliko zingine zote, jua kuna sababu. Tapeli anashusha bei makusudi maana anataka watu wengi wamtafute kwa mpigo, na anajua mtu aliyehangaika muda mrefu akiona bei kama hiyo anaogopa kuuliza maswali asije akaikosa. Pia nakili sentensi mbili tatu za tangazo, ziweke ndani ya alama za kunukuu uzitafute Google, mara nyingine unakuta maneno yaleyale yanatangaza nyumba ya mji mwingine na namba ya simu tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Picha

Hapa usiwe na haraka. Pakua picha uzitafute kwa Google Lens na TinEye, hizi zinakutafutia mtandaoni picha inavyoonekana kwingine, tumia zote mbili kwa kuwa moja inaweza kuona kisichoonwa na mwenzie. Ikitokea ileile kwenye tangazo la kuuza nyumba, hoteli, au nchi nyingine, achana nayo. Isipotokea usishangilie bado, matapeli wanaigeuza picha kushoto iwe kulia ili isipatikane, kwa hiyo na wewe igeuze kwenye simu yako utafute tena. Maandishi yaliyosomeka kinyumenyume kwenye kitabu au kwenye friji yanakuambia picha imegeuzwa.

Halafu kuza picha uangalie soketi za ukutani. Watu wengi hawaziangalii kabisa na hizo hazidanganyi, soketi za Uingereza zina matundu matatu ya mstatili, za Marekani zina vipasuo viwili vyembamba vilivyosimama, sasa kama nyumba inasemekana iko nchi inayotumia aina moja na picha inaonyesha nyingine, hiyo picha imeokotwa mtandaoni. Angalia na madirisha, sebuleni unaona vilele vya miti tu kama uko ghorofa ya tano afu chumbani majani ya bustani yanagusa kioo, hizo ni nyumba mbili tofauti. Picha za kutengenezwa na akili bandia nazo zipo siku hizi, hizo ziangalie kwenye miguu ya viti, vigae na bomba, maana mara nyingine mistari haikutani vizuri.

Hatua ya 3: Muulize, na usikilize anavyojibu

Hadithi zao zinafanana sana: niko nje ya nchi kikazi, siwezi kuja kukuonyesha, we tuma dipoziti nami nitakutumia funguo kwa kuria, ukifika usipoipenda narudisha hela yako. Au kuna wenzio wawili wanakuja kulipa jioni hii. Mwenye nyumba wa kweli anakuuliza unafanya kazi gani, mko wangapi, unahamia lini, sababu anakukabidhi mali yake. Tapeli hana habari na wewe, kila swali lako analirudisha kwenye malipo.

Akisema hawezi kukutana nawe omba simu ya vidio ya moja kwa moja, siyo vidio iliyorekodiwa. Na we ndo uongoze: mwambie aanzie barabarani, aonyeshe namba ya nyumba, afungue mlango, afungue bomba la jikoni. Akianza kusingizia mtandao kila anapokaribia mlango, kata simu.

Hatua ya 4: Nenda ukaione, ila kuiona peke yake haitoshi

Naomba hapa unielewe vizuri maana ndo wanapoumia hata watu makini. Kuna tapeli anayekuja na funguo, anakufungulia, anakutembeza vyumba vyote, na nyumba siyo yake. Anaweza kuwa ameikodi siku chache tu kupitia Airbnb, tovuti ya kukodi nyumba kwa muda mfupi, au ni mpangaji anayekaribia kuhama, anakusanya dipoziti za watu wengi kwa nyumba moja, wote wamepewa tarehe moja ya kuhamia, siku ikifika mnakutana mlangoni na mizigo yenu.

Kwa hiyo rudi tena peke yako, saa nyingine, bila kumwambia. Ongea na majirani, mlinzi, yeyote anayeshinda pale, uliza hii nyumba ni ya nani na nani anakaa humu sasa hivi. Jina wakutajie wao, usiwatajie wewe. Dakika tano za jirani zina thamani kuliko meseji mia za huyo mtu.

Hatua ya 5: Majina matatu yaoane

Jina kwenye hati ya umiliki, jina kwenye kitambulisho chake, na jina la akaunti au namba ya simu unakotakiwa kulipa. Yakiwa tofauti lazima kuwe na karatasi inayoeleza kwa nini, mfano barua ya mwenye mali inayompa dalali mamlaka ya kupangisha, na hata hiyo barua usiiamini mpaka umpigie mwenye mali kwa namba uliyoipata kwa njia yako, siyo aliyokupa dalali. Nchi nyingi zina ofisi ya ardhi ambako unaweza kuulizia mmiliki kwa ada, nenda.

Kitambulisho chako usimtumie kabla hamjafika kwenye mkataba. Ukilazimika kutoa kopi, andika juu yake kwa kalamu kwamba ni ya kupangia nyumba hiyo tu na tarehe, kwani wengine hawataki hata hela yako, wanataka jina lako wakalitapelie wengine.

Hatua ya 6: Malipo

Usilipe kwa kadi za zawadi, bitcoin, Western Union wala MoneyGram kwa mtu usiyemfahamu, hela ikishapokelewa kurudi ni ngumu mno. Akikutumia linki ya kulipia, soma anwani yake taratibu, jina la kweli la tovuti ni lile lililo mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaokuja baada ya https://, kwa hiyo anwani inaweza kuanza na airbnb.com halafu ikafuata nukta na maneno mengine, hiyo siyo Airbnb. Sahihi ya mkataba, risiti na funguo vifanyike kwa kikao kimoja, na funguo uzijaribu mlangoni hela ikiwa bado kwako.

Hatua ya 7: Kama umeshalipa

Pigia benki au kampuni ya simu sasa hivi, waambie wazuie muamala, kila saa inayopita inapunguza nafasi yako. Piga skrinishoti za meseji zote, tangazo na namba kabla hajakublok, peleka polisi, ripoti na tangazo lenyewe liondolewe. Usione aibu, hawa watu ndo kazi yao kila siku. Na akitokea mtu anayesema anaweza kukurudishia hela yako ukimlipa ada kidogo kwanza, usimpe hata senti, mara nyingi ni walewale au wamenunua namba yako kutoka kwao.